Maswali ya Wasomaji: "Imetoka Juu", Lakini Juu Ni Wapi?

Katika toleo lililopita tulieleza kwamba mtoto aliyeanza darasa la tatu Januari 2024 chini ya mtaala mpya atamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 akiwa darasa la sita, na kwamba mwaka huohuo watamaliza pia wale wa darasa la saba wa mtaala wa zamani, hivyo makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028. Baada ya maelezo hayo nimepokea barua nyingi kutoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nani anaamua mtoto asome nini? Nimechagua sita na kuzifupisha bila kugusa maana yake.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa korosho mwenye watoto watatu shuleni. Kijana wangu alirudi na vitabu ambavyo dada yake hakuwahi kuwa navyo, na masomo yenye majina mapya. Nilipouliza shuleni niliambiwa "imetoka juu". Kwa mtendaji wa kata nikaambiwa hivyohivyo. Huko juu ni wapi, na mtu wa Tandahimba anahusikaje?*
Mzazi, Tandahimba

Marahaba, mzazi mwenzangu. Aliyekujibu hakusema uongo, lakini alikunyima sehemu kubwa ya jibu, kwa sababu huko juu si ofisi moja, na kila ofisi ina kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya kwa niaba yake.

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ndiyo inayotunga sera, yaani inayosema elimu ya lazima ni miaka mingapi, lugha ya kufundishia ni ipi, na mhitimu anatarajiwa awe mtu wa namna gani. Sera haisemi mtoto wa darasa la tatu afundishwe nini Jumanne asubuhi. Kazi ya kufika karibu na Jumanne hiyo ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tunayoizoea kwa jina la TET, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. TET huandaa mtaala, na kutokana na mtaala huandaa muhtasari wa kila somo, kiongozi cha mwalimu na kitabu cha kiada. Chukua kimojawapo cha vitabu alivyorudi navyo kijana wako, ufungue kurasa za mwanzo kabisa, zile ambazo hakuna anayezisoma: utakuta majina ya waandishi, wahariri, msanifu na mchoraji. Kitabu hicho kimetoka mikononi mwa watu, na katika kazi za namna hiyo hukaa pamoja walimu wa shule, wakufunzi wa vyuo vya ualimu na wahadhiri.

Ofisi ya Rais TAMISEMI haiandiki mtaala, bali husimamia shule zenyewe kupitia mikoa na halmashauri: walimu, madarasa, madawati na maabara. Mtaala ukidai karakana mahali pasipo na karakana, umahiri huo hubaki kwenye karatasi hata kama umeandikwa vizuri namna gani. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, huingia darasani kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachofundishwa. Baraza la Mitihani nitalieleza katika jibu linalofuata, kwa kuwa uzito wake ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa, mtu wa Tandahimba. Habari za mabadiliko haya zilianza kusikika kwa nguvu Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipolihutubia Bunge na kueleza haja ya kuipitia mitaala. Maoni yakakusanywa, Mei 2023 rasimu za sera na za mitaala zikatolewa hadharani na kujadiliwa Dodoma, Januari 2024 ufundishaji ukaanza kwa awamu, kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, pamoja na kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, yaani ule wa kusomea fani za ufundi. Sera yenyewe, ile ya mwaka 2014 toleo la 2023, ilizinduliwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2025, na nadhani ndiyo sababu wapo waliodhani kila kitu kilianza mwaka huo.

Kwa hiyo mlango wa maoni ulikuwapo. Nasema hivyo nikijua kwamba mlango kuwa wazi ni jambo moja, na mtu wa kijijini kuuona ni jambo jingine. Katika kikao kimoja cha kukusanya maoni ya elimu nilichohudhuria miaka iliyopita, huku kwetu kusini, ukumbi ulijaa maofisa, wakuu wa shule na viongozi wa dini. Wakulima waliokuja kama wazazi hawakuzidi watatu, na hakuna aliyepewa nafasi ya kuzungumza hadi watu walipokwisha kula. Mmoja wao alikuwa na hoja ambayo sikuisikia kwa mwingine yeyote. Alisema binti yake anaweza kutaja sehemu zote za ua na kuzichora, lakini hajui kwamba ua la mkorosho likiingiwa na ubwiriunga korosho hazishiki, na kwamba salfa ambayo baba yake anapulizia kila mwaka ni dawa ya kuvu. Watu walitikisa kichwa kwa kukubali, kisha kikao kikaendelea, na hoja ile haikuandikwa popote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nakushauri usingoje ukumbi. Shule ya mtoto wako ina kamati ya shule na ina mkutano wa wazazi. Kamati haiwezi kubadili mtaala, lakini inaweza kupokea hoja, kuijadili na kuiandika katika muhtasari wa kikao (lugha yetu inatuchanganya kidogo hapa, kwa kuwa muhtasari wa kikao na muhtasari wa somo ni vitu viwili mbalimbali). Hoja iliyoandikwa inaweza kupelekwa kwa Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri, na ikamkuta mthibiti ubora siku anapofika shuleni. Iwe hoja ya jambo moja, yenye darasa, somo na mfano. Ukiandika "mtaala haufai", hakuna awezaye kulifanyia kazi neno hilo. Ukiandika kwamba mada ya magonjwa ya mimea inafundishwa darasa fulani bila mfano wa zao ambalo kila nyumba ya kijiji inalitegemea, aliye mbali atakuelewa hata kama hajawahi kuuona mkorosho.

Liko pia jambo lisilohitaji kikao chochote. Muhtasari wa kila somo hupanga idadi ya vipindi kwa kila umahiri, na vipindi hivyo haviongezeki kwa kuwa msimu umefika. Mtoto anayetolewa darasani wiki tatu za Oktoba kwenda kuokota korosho amepunguziwa mtaala na mzazi wake, hata kama Wizara, TET na mwalimu wamefanya yote yanayowapasa. Natambua kwamba mvua ikizikuta korosho chini zinaharibika daraja, na kwamba mikono ya watoto ni msaada wa kweli. Nakuomba tu uihesabu gharama hiyo pamoja na nyingine za msimu, maana nayo ni gharama.

*Mwalimu, heshima yako. Nafundisha darasa la nne na la tano wilayani Ruangwa. Kila semina tunaambiwa mwalimu ni mdau mkuu wa mtaala, lakini mimi hupokea muhtasari uliokwisha andikwa, kitabu kilichokwisha chapwa na mtihani uliokwisha tungwa. Nafasi yangu hasa ni ipi?*
Mwalimu wa shule ya msingi, Ruangwa

Swali lako, mwalimu, nimelisoma mara tatu, kwa sababu nami niliwahi kuliuliza nikiwa kijana kazini na nikajibiwa kwa sifa badala ya maelezo. Nitajaribu kukujibu kwa maelezo.

Mtaala una maisha matatu: kuna uliokusudiwa, ambao umo kwenye maandishi, kuna unaofundishwa, ambao umo kinywani na mikononi mwako, na kuna unaobaki kwa mtoto baada ya kengele kulia. Kutoka wa kwanza kwenda wa pili hakuna njia nyingine isipokuwa mwalimu. Wewe unayaona hayo kama kupokea na kutekeleza, lakini mimi nimeona sera moja ikigeuka vitu viwili ndani ya uzio mmoja.

Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na shule niliyosoma, kama nyingi za kusini, ilikuwa na shamba la mikorosho. Mwalimu mmoja alitupeleka shambani na daftari. Tulihesabu miti kwa mistari, tukapima nafasi baina ya mti na mti kwanza kwa hatua na kisha kwa kamba yenye mafundo, tukashangaa kwa nini hatua za fulani zilitoa jibu tofauti na za mwenzake, na kwa njia hiyo tukaelewa kwa nini watu walihitaji kipimo cha pamoja. Tuliandika miti mingapi imechanua na mingapi bado, na wiki iliyofuata tulirudi kuhesabu tena. Mwalimu mwingine, shamba lilelile, muhula uleule, alitupeleka na majembe, akakaa kivulini mpaka palizi ikaisha. Nchi ilikuwa imeandika sera moja, nasi watoto tulisoma mbili.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea baada ya mtaala wa mwaka 2005, uliotaka tuache kumimina maarifa na tujenge umahiri. Maneno katika maandalio ya masomo yalibadilika haraka; ubao haukubadilika. Walimu wengi, nami nikiwamo kwa muda, tuliendelea kuandika nukuu ubaoni na watoto kunakili, na sababu yake haikuwa uvivu peke yake. Tulikuwa na madarasa ya watoto tisini, na tulijua mtihani utauliza nini.

Hapo ndipo linapoingia Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kazi yake si kuandika mtaala, lakini mwalimu, mwalimu mkuu, mzazi na hata Afisa Elimu hupimwa kwa matokeo yake, kwa hiyo kisichoulizwa hupoteza vipindi vyake taratibu bila mtu kutoa amri. Kwa maoni yangu hakuna mkono unaoushika mtaala kwa nguvu zaidi kuliko fomati ya mtihani. Mtaala unaotaka mtoto atende jambo, ukipimwa kwa maswali ya kuchagua herufi peke yake, utafundishwa kama orodha ya majibu. Ndiyo sababu nawaomba walimu wasome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza huzitoa, waziweke mezani kando ya vigezo vya upimaji vilivyomo kwenye muhtasari, na wanapoona viwili hivyo havikutani waandike. Walimu ndio huitwa kusahihisha mitihani hiyo, kwa hiyo kauli yao kuhusu swali lililopima kumbukumbu badala ya umahiri ina uzito usio wa kubahatisha.

Sasa nafasi yako ya kila siku. Muhtasari unakupa umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, na zana zinazopendekezwa. Angalia neno hilo: zinapendekezwa. Wilaya yako inauza ufuta, mbaazi na korosho kupitia vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, yaani AMCOS, na takriban kila nyumba ina stakabadhi ya AMCOS iliyokunjwa ndani ya Msahafu, ndani ya kitabu cha nyimbo au chini ya godoro. Waombe watoto waje na hesabu zake, bila jina la mwenye mali: kilo zilizopimwa, bei ya mnada, makato, kiasi kilicholipwa. Darasa la tano linafanya kuzidisha, kutoa na asilimia kwa namba ambazo baba na mama walizibishania usiku uliotangulia. Niliwahi kuona mtoto aliyekuwa hapendi kabisa hisabati akinyoosha kidole kusema kwamba makato yaliyoandikwa hayalingani na kilo. Alikuwa amekosea, ilikuwa ni desimali, lakini alirudia hesabu ile mara nne mwenyewe bila kuambiwa. Kitabu cha kiada hakikuwa na zoezi hilo, na muhtasari haukulikataza.

Mwishoni mwa andalio la somo kuna sehemu ya tathmini na maoni, ambayo wengi hujaza "somo limeeleweka" kabla ya kuingia darasani. Ijaze baadaye, ukisema kilichokwama. Yapeleke maandishi hayo kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vya shuleni kwako na vya klasta ya shule jirani, ambako walimu wa somo moja hukutana. Shule sita zikiandika kwamba shughuli ileile haiwezekani kwa vipindi vilivyotolewa, hilo limekwisha kuwa taarifa kuhusu mtaala, na si lalamiko la mwalimu mmoja wa Ruangwa.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule wilayani Kilwa. Watoto wetu wanasoma historia za mbali ilhali magofu yapo ng'ambo ya bahari, tunayaona. Je, kamati inaweza kuongeza historia ya kwetu katika masomo?*
Mjumbe wa kamati, Kilwa Masoko

Kamati haiwezi kuongeza somo wala kipindi, ndugu mjumbe, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu mtoto anayehama kutoka Kilwa kwenda Kigoma lazima akute mlango wa darasa uleule. Hata hivyo mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na mwalimu anayetafuta mifano ya somo hilo hahitaji kwenda mbali na mkoa wa Lindi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, katika milima ya Umatumbi, mwaka 1905. Huko Tendaguru, bara ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa hiyo ilibebwa vichwani na wenyeji mpaka bandarini. Leo mnyama aliyeungwa kwa mifupa ile amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Mtoto wa Lindi anayejua jina la mnyama huyo bila kujua ni mabega ya nani yaliyombeba amesoma nusu ya habari.

Kazi ya kamati ni kufanya mifano hiyo ifikike. Mwombeni mwalimu wa somo awaonyeshe ni wiki zipi katika azimio lake la kazi mada hizo zitafundishwa, kisha nyinyi mtafute mzee wa kuzungumza na watoto, boti, na kibali cha wanaosimamia magofu. Mzee naye aandaliwe: aambiwe darasa ni la watoto wa umri gani, na mwalimu awe amesikia masimulizi yake kabla. Mchango wa nauli, kama utahitajika, uwe wa hiari kabisa, na mtoto ambaye mzazi wake hana kitu apande boti pamoja na wenzake.

*Mwanangu mwalimu, mimi ni kungwi hapa Newala kwa miaka mingi. Nasikia shuleni sasa wanafundisha maadili. Mbona sisi tunaofundisha maadili tangu enzi za bibi zetu hatukuulizwa?*
Bibi, Newala

Shikamoo bibi. Barua yako, niliyoambiwa kwamba imeandikwa na mjukuu, imenifanya nikumbuke kwamba mtoto wa Newala ana walimu wa aina mbili na kwamba walimu hao hawajawahi kukaa mkeka mmoja. Unyago nao ni mtaala: una mada, una mpangilio, una nyimbo za kukaririwa na una wahitimu.

Sitakuficha ninapotofautiana na baadhi ya desturi. Msichana wa darasa la nne anayechezwa unyago na kuambiwa kwamba amekua hurudi shuleni akiwa na ujumbe unaopingana na ule wa mwalimu wake, na wapo waliokatiza masomo kwa ajili hiyo. Lakini heshima, usafi, namna ya kuzungumza na wakubwa na kuutunza mwili wako ni mambo ambayo shule nayo inayatafuta. Kalenda ya mihula hupangwa na Kamishna wa Elimu kwa nchi nzima, kwa hiyo jando na unyago vinapaswa kuifuata likizo ya Juni au ya Desemba, na vimalizike kabla shule hazijafunguliwa. Namwomba mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe akualike wewe na wenzako kwenye kikao pamoja na mwalimu wa malezi. Bibi, uende na maneno yako kamili, umweleze mnafundisha nini na kwa umri gani, nawe umuulize yeye anafundisha nini.

*Nina karakana ya useremala na vijana wanne. Nimesikia kuhusu mkondo wa amali. Sisi mafundi wa mtaani tuna sehemu gani?*
Fundi, Masasi

Mnayo, fundi, tena kubwa kuliko mnavyoambiwa. Katika mkondo wa amali mwanafunzi wa sekondari husoma fani pamoja na masomo mengine, na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, linahusika na viwango vya ujuzi huo. Viwango vinaposema kijana aweze kutengeneza kiungo cha mbao, anayejua kiungo kipi kinanunulika Masasi, mbao ipi inapatikana na mashine ipi ipo kweli sokoni ni wewe. Nenda kwa mkuu wa shule yenye mkondo huo iliyo karibu nawe, umwambie idadi ya wanafunzi unaoweza kuwapokea kwa mazoezi na kwa siku zipi. Baada ya mazoezi mwandikie nusu ukurasa kuhusu walichokuja wakikijua na walichokuwa hawakijui.

*Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu Mtwara mjini. Wanafunzi tuna sauti yoyote kwenye mtaala, au tunapokea tu?*
Mwanafunzi, Mtwara

Marahaba, mjukuu wangu. Serikali ya wanafunzi ya shule yenu ina kiongozi wa taaluma. Kazi yake isiishie kugawa vitabu na kuandika majina ya wachelewaji. Kila mwisho wa muhula mkusanye, somo kwa somo, mada ambazo wengi hamkuzielewa na sababu zake: kitabu hakikuwapo, jaribio halikufanyika, lugha ilikuwa ngumu, au vipindi viliruka. Msitaje jina la mwalimu yeyote. Mpeni mwalimu wa taaluma nakala moja, na nakala ya pili muombe iingizwe katika kikao cha bodi ya shule. Mwaka ujao, kabla hamjamaliza, kaeni na kidato cha tatu cha wakati huo, mpitie karatasi hiyo mada kwa mada, mweke alama kwenye kila lililorekebishwa, na yaliyobaki muwaachie wao waendelee kuyafuatilia.